Ini Huanza na Lotoko

Mwaka ule mjukuu wangu aliijaza nyumba yangu vyumba vya nyuki. Alivichora kwa makaa sakafuni, akavichora nyuma ya makartoni ya sabuni, akavichora hata ukutani upande wa jikoni. Nikamfokea, akafuta, kesho yake vikarudi. Pembe sita, pembe sita, vimeshikana, na vimishale vilivyopinda vikitoka hapa kwenda pale. Kila asubuhi aliyaimba na majina yake kwa sauti ili yamkae kichwani. Nilimuuliza ndani ya vyumba hivyo kunakaa nini.

“Hakukai kitu, koko,” akaniambia, maana kwetu bibi ni koko. “Ni kaboni.”

Nikamwambia kama hakukai kitu basi asinichafulie ukuta.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, hapa hapa chuo kikuu cha Kisangani, na somo lililomkaba lilikuwa moja: kemia organiki, ile ya ndani kabisa, wenyewe wanaiita approfondie. Sesheni ya kwanza ya mitihani ilimwangusha. Iliangusha wengi. Ikabaki sesheni ya pili, na hapo ukianguka unarudia mwaka mzima. Kwa msichana wa nyumba kama yetu, kurudia mwaka mzima maana yake ni kuolewa na yeyote atakayekuja. Nasema jinsi ilivyo.

Mama yake, binti yangu, alikufa mtoto akiwa bado wa mgongoni. Baba yake alikwenda zake upande wa Bunia bila kutoa mahari, kwa hiyo mtoto alibaki wetu. Mimi nilimlea, lakini mwenye neno juu yake alikuwa mwanangu wa kiume, kaka wa marehemu. Kwetu sisi watu wa mto, wa upande wa Yanonge, mambo ndivyo yanavyokwenda. Mjomba akisema mtoto wa dada yake asome, anasoma. Akisema basi, ni basi, na bibi hana la kuongeza. Mwanangu alikuwa amesema asome. Alilisema neno hilo akiwa amesimama nyuma ya baleinière yake, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, akielekea Isangi kuchukua makaa na samaki. Kazi yake ilikuwa kuongoza. Alijua mchanga umehamia wapi kwa kutazama tu rangi ya maji. Hakuna kipimo kingine. Ni macho.

Maabara yao nimeiona. Nilimpelekea chakula siku ya mazoezi, nikawakuta wanafunzi wanapanda ngazi na bidoni za maji vichwani, maana mabomba ya pale yalikauka zamani, na ile mirija yao ya kupozea mvuke haifanyi kazi bila maji. Mmoja anamwaga juu, mwenzake anakinga chini, wanabadilishana. Umeme ukikatika wanakaa kwenye ngazi na kuulizana masomo kama watoto wa katekisimu. Na vitu vya maabara vilikuwa na miguu. Leo viko kabatini, kesho haviko. Ndiyo sababu wanafunzi wa kundi lake waligawana, kila mmoja akalale na kitu nyumbani kwake, wakutane navyo siku ya kazi.

Fungu la mjukuu wangu lilikuwa methanoli. Ni kitu kisicho na rangi, kama maji, kinanuka kama pombe, wanaloweshea magome ya miti wanayoyatoa msitu wa Masako ili magome yaachie kilicho ndani. Alikiweka kwenye chupa ya wiski, maana chupa nyingine ungeitoa wapi. Hapa kwetu chupa haitupwi. Akaandika juu yake kwa wino mwekundu: SUMU. Akachora na fuvu. Akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake, akaniambia mimi, akamwambia shangazi yake, mke wa mwanangu. Mjomba wake alikuwa mtoni.

Sasa lazima nieleze namna tunavyoishi katika lopango letu. Ni uwanja mmoja wenye nyumba nne, jiko moja, na mikono mingi. Kwa hiyo kila mtu anaandika SUMU. Jirani wa mbele ameiandika kwenye bidoni yake ya mawese. Mama wa pembeni anapika lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, na kila chupa yake imeandikwa SUMU ili wapangaji wasionje. Mkebe wangu wa sukari umeandikwa hivyo, na ule wa maziwa ya unga. Watoto wa lopango letu wanajua kulisoma neno hilo kabla ya majina yao, na wanajua maana yake ni kitamu.

Jumamosi moja mwanangu alirudi kutoka mtoni mchana, akakuta hakuna mtu nyumbani. Mke wake alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa mazoezi ya kwaya. Mjukuu alikuwa amekwenda Masako na wenzake kutafuta magome, na wangerudi kesho yake. Mwanangu alikuwa amechoka, alitafuta maji, akaona chupa nyuma ya mlango. Alikuja kutusimulia baadaye. Alisema alicheka. Alisema moyoni: mama, hata wewe unaficha lotoko.

Mimi sinywi, na nyumbani kwangu hapanywewi. Watoto wangu wote wanalijua hilo.

Jumapili nilipotoka misa nilimkuta amelala kwenye mkeka sebuleni, ametapika kwenye beseni. Mke wake ameketi karibu, anampepea.

“Iko nini?” nikamuuliza mwanangu.

“Malaria, mama. Inapita.”

Tulimpa dawa ya malaria, tukampa chai. Akaitapika. Alipumua haraka, kama mtu aliyepanda kilima, na kichwa kilimuuma. Kisha akaniambia nifungue dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamwambia liko wazi.

“Sasa mbona ukungu umeingia ndani ya nyumba?” akasema. “Kama ule wa mto asubuhi.”

Nilipunga mkono mbele ya uso wake. Alijua kuwa kuna kitu, hakujua ni kitu gani.

Saa hiyo ndipo mjukuu aliporudi, mfuko wa magome begani, matope hadi magotini. Alitusalimia, akamwona mjomba wake, akauliza ana nini, nikasema malaria. Akaingia chumbani kuweka mfuko. Alitoka ameshika ile chupa, ameiinua kwenye mwanga.

“Nani amegusa hii?”

Akamgeukia mjomba wake.

“Tonton. Ulikunywa hii?”

“Niko na malaria, mimi.”

“Tonton, uniangalie. Ulikunywa?”

“Siko naona uso yako. Nitakuangalia namna gani?”

Alipiga magoti karibu naye, akamnusa mdomo. Akarudia swali. Mwanangu, mwanaume anayepitisha mashua katikati ya magogo ya mto, alijibu kama mtoto:

“Kidogo. Jana mchana. Nilifikiri iko ya mama.”

Mke wake alianza kulia, akakimbilia bidoni ya mawese. Hivyo ndivyo tunavyofanya hapa mtu akila sumu: unamnywesha mawese na maziwa mpaka atapike yote. Mjukuu alimshika mkono.

“Tantine, mawese haina kazi. Ilishaingia kwenye damu tangu jana. Anahitaji lotoko. Koko, tafuta lotoko ya mama wa pembeni, chupa nzima, halafu twende hospitali.”

Mke wa mwanangu alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

“Mutu amekunywa sumu yako, unataka kumuongeza pombe? Unataka umumalize? Mama, usikie mutoto yako anasema nini.”

“Tantine, ni ini. Ini njo inageuza ile kitu kuwa mbaya. Ikipata lotoko, inaanza na lotoko kwanza.”

“Ini, ini. Uliona ini wapi, wewe?”

Wote wawili wakanigeukia. Nilimuuliza mjukuu swali moja tu.

“Hiyo umeisoma, ao unafikiri?”

“Nimeisoma, koko. Kuiona ikifanyika, sijaona hata siku moja.”

Kama angeniambia ameona, nisingemwamini. Nikatoka.

Nilikuwa bado na kitenge cha akina mama wa kanisa, ambao mimi ndiye mwenyekiti wao, na kitambaa chake kichwani. Mama wa pembeni alikuwa amekaa mbele ya mlango wake na wateja wake wa Jumapili. Aliponiona nimesimama pale, alishusha kikombe.

“Mama Présidente. Na siku ya Bwana kabisa?”

“Nipe chupa.”

“Chupa ya nini, mama?”

“Ya unachouza.”

Wateja wakakohoa. Mmoja akasema leo kwaya itaimba vizuri. Mama wa pembeni aliona uso wangu, akaacha mchezo, akanipa chupa. Nikaisoma.

“Imeandikwa sumu,” nikasema.

“Zote zimeandikwa, mama. Ingine iko na mafuta ya taa. Uonje.”

Nikaonja, mbele yao wote, nimesimama. Ilikuwa yenyewe. Nikaondoka nayo.

Mjukuu alipima kwa kikombe cha chai, akaongeza maji na sukari. Mimi nilikishika kichwa cha mwanangu, yeye akamnywesha. Mke wake alisimama mlangoni akipaza sauti kwa lopango zima kwamba wanamuua mume wake, waje waone, bibi na mjukuu wanamuua. Wakaja, wakaona. Walichoona ni msichana anamminia mgonjwa pombe.

Tulikwenda hospitali kwa pikipiki mbili chini ya mvua, mjukuu kwenye moja, mwanangu kwenye nyingine kati ya dereva na mimi, anapigwa maji usoni bila kufumba macho. Daktari alikuwa kijana. Aliuliza amekunywa nini, mjukuu akamwambia. Aliuliza amepewa nini, mjukuu akamwambia na hilo. Daktari akasema tuendelee hivyo hivyo, dawa yenyewe ya sumu hiyo hapa haipo. Akamwekea maji ya mishipa, na wakamnywesha lotoko ya mama wa pembeni, kidogo kidogo, ndani ya hospitali, muuguzi akitazama pembeni.

Alipona. Pumzi ilirudi, akala, akatembea kwa kushika ukuta. Ukungu haukutoka. Daktari alimmulika taa kwenye macho, akaniita kando, akaniambia mshipa wa nyuma ya jicho umeungua na haurudi. Nilimwambia akamwambie mwenyewe. Akaenda akamwambia.

Habari zilifika Isangi, kwa wazee wetu, kabla hatujafika nyumbani. Mashua zinabeba maneno kuliko makaa. Akaja mkubwa wa ukoo, kaka wa marehemu mume wangu, na wazee wengine, wakakaa uwanjani kwangu kwenye viti vya kuazima. Mkubwa alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha.

“Mutoto anaweka sumu ndani ya nyumba ya mutu anayemulisha. Bon. Halafu mutu akianguka, anamuongeza pombe. Alors, sisi tuseme ni nini? Tuseme ni masomo?”

Hakulitaja neno ndoki, yaani mchawi. Hakuna aliyehitaji kulisikia. Walitaka mjukuu aache chuo siku ile ile, apelekwe kwa watu wa maombi, afungiwe, afunge chakula, mpaka aungame. Nimewaona waliotoka kwenye vyumba hivyo. Wanatoka wamekonda na wamekubali kila kitu.

Mjukuu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Hakuulizwa.

Mkubwa akamgeukia mwanangu. “Wewe njo noko yake, mujomba wake. Macho ni yako, neno ni yako.”

Mwanangu alikuwa ameelekeza uso mahali pasipo na mtu.

“Nitasema nikielewa.”

“Kuelewa nini tena? Macho haiko. Hiyo njo kuelewa.”

“Papa, nitasema nikielewa.”

Wakangoja. Wakala kuku wangu, wakarudi mtoni, wakasema wanasubiri neno.

Basi tukakaa. Mjukuu aliacha kwenda chuoni. Alifuta michoro yote kwa kitambaa cha maji, sakafu na ukuta, bila kuambiwa. Sesheni ya pili ilikuwa inakaribia, wenzake walipita kumwita, akawajibu yuko na kazi. Alifua, akatwanga pondu, yale majani ya mihogo, akachota maji. Shangazi yake hakula kitu kilichopikwa na mkono wake. Ningeweza kumwambia mtoto aende tu. Sikumwambia. Mwenye neno alikuwa hai, amekaa mlangoni, na mimi sivunji neno la mwanaume wa nyumba yangu kwa sababu amekuwa kipofu. Hapo ndipo angekuwa kipofu kweli.

Kila siku nilimtazama, kama leo atasema. Alisikiliza injini za mashua. Alizijua kwa sauti, ya nani, imebeba mzigo mzito au mwepesi.

Alasiri moja tulikuwa uwanjani wote wanne. Mimi nilikuwa nakata pondu. Mke wake alikuwa anachambua mchele. Mwanangu akamwita mjukuu kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu hospitali.

“Kuja hapa. Unieleze.”

“Nikueleze nini, tonton?”

“Ile kitu ilinifanya nini. Unieleze kama uko mbele ya professeur. Usinifichie kitu, na usinilembee.”

Mjukuu alikuja akachuchumaa mbele yake.

Alisema kile kitu chenyewe, kikiwa kwenye chupa, si kikali sana. Mtu anaweza kukinywa na asisikie tofauti na pombe. Ubaya unatoka ndani ya mtu. Ini linakikamata kama linavyokamata pombe yoyote na kukigeuza, mara ya kwanza kinakuwa kama ile dawa ya kuhifadhia maiti, mara ya pili kinakuwa asidi. Ni ile asidi ya chungu wekundu, wale wanaoshona majani juu ya miti, wakikuuma unaungua. Ini halijui kuitoa haraka. Inajaa kwenye damu, na mshipa wa jicho ndio unaoungua kwanza.

“Donc chungu njo walikula macho yangu,” mwanangu akasema.

“Asidi ni moja na yao, tonton. Chungu wenyewe hawakukufanya kitu.”

“Na lotoko?”

“Lotoko ini inaipenda zaidi. Ikikuta zote mbili, inaanza na lotoko. Ile ingine inabaki inangoja, inapita kwenye mikojo bila kugeuka.”

“Ini ya mulevi,” mke wake akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchele. Mwanangu alicheka, kicheko kifupi puani. Kisha akaacha.

“Sasa uniambie hii. Kama ningekunywa lotoko Jumapili asubuhi, mbele mama atoke kanisani. Kama mutu angejua asubuhi.”

Mjukuu aliinua macho kwangu. Nilimtazama. Nilitaka aseme hapana. Neno moja, hapana, ingekuwa vilevile, na sisi wote tungelala. Nilimtazama kwa nguvu, na alijua namtazama.

“Pengine ungeona,” akasema.

“Pengine, ao ungeona?”

“Sijui kiasi ulichokunywa. Lakini asubuhi asidi ilikuwa bado kidogo. Kama ungesema asubuhi, tonton, ungeona. Si kama zamani. Lakini mto ungeuona.”

Mke wake aliweka ungo chini.

“Asubuhi nilimuambia huyu iko malaria,” mwanangu akasema, akimnyooshea mke wake kidole mahali asipokuwa. “Na mama akarudi, nikamuambia vilevile.”

“Eeh,” mjukuu akaitikia.

“Niliogopa kelele ya mama.”

Hakuna aliyenitazama. Niliendelea kukata pondu, zilikuwa bado nyingi.

Mwanangu aliweka mikono magotini. Mashua moja ilipita ikishuka, hakuigeuzia sikio. Kisha akauliza mtihani uko lini. Mjukuu akamwambia ni wiki ile ile.

“Enda ufanye. Mama, utume neno Isangi: nimeelewa, na nimesema asome. Wasirudi tena na viti.”

Mjukuu alitaka kumshika mguu, kushukuru. Aliurudisha mguu nyuma.

“Ngoja, sijamaliza. Kile chumba utoke. Siwezi kusikia unaimba hizo vitu kila asubuhi nyuma ya ukuta. Sina hasira na wewe. Siwezi tu. Utafute pa kukaa kule na wenzako.”

Alitoka siku ile ile kabla giza halijaingia. Nilimfungia mchele na samaki wa moshi, nikamsindikiza hadi barabarani, akapanda nyuma ya toleka, begi kwenye mapaja, ile baiskeli ikamyumbisha mpaka kwenye kona. Sikumpa mawaidha. Alikuwa ameshasema kweli mbele ya mtu aliyeweza kumfungia njia, na mimi nilikuwa nimetaka adanganye. Ningemwambia nini.

Alipita mtihani. Jina lake lilibandikwa pamoja na wengine wachache, akatuma ujumbe kwenye simu ya jirani. Nilimkuta mwanangu mahali pake mlangoni, nikamwambia.

“Bon,” akasema.

Nikangoja kama ataongeza. Akaniomba maji.

Mjukuu hajalala tena nyumbani kwangu. Huja mchana, saa ambazo mjomba wake amelala. Tunakaa jikoni, anamenya mihogo, mimi natwanga, tunazungumza kwa sauti ya chini habari za mihogo.